Mbona korona iliwalaza wajawazito na sisi wa nyumba moja nao tukainuka?

#1 BintiKisauni
Assalam alaykum wanajamvi.

Mwaka 2021, lile wimbi la katikati ya mwaka, korona iliingia nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, na haikumruka mtu. Baba amepita miaka sitini, alikohoa, akalala kitandani, akainuka. Mimi nilipoteza harufu tu, hata udi ukifukizwa siusikii. Wifi yangu, msichana wa miaka 27 asiye na ugonjwa wowote tuujuao, ndiye aliyefikishwa kwenye oksijeni. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, kilo moja na nusu hivi. Alhamdulillahi wote wawili wazima, na mtoto sasa ndiye mwenye kelele kuliko watu wote nyumbani.

Swali langu: mimba ina nini? Mbona mzee apone na msichana azidiwe? Hospitali hawakutueleza, na siku zile hatukuwa na moyo wa kuuliza. Sasa ana mimba tena, miezi minne, na mtu akikohoa sebuleni yeye hujifungia chumbani. Nataka majibu ya wanaojua na ya waliopitia. Wa "korona haikuwepo" fungueni uzi wenu.

#2 DerevaTuktuk
Pole dada. Nimeketi hapa, nawangoja wajuzi.

#3 NesiChangamwe
Waalaykum salaam. Nimefanya kazi wadi ya uzazi kabla ya korona na wakati wa korona, kwa hiyo nitasema niliyofundishwa na niliyoyaona.

Mimba ikifika miezi saba, mji wa mtoto umepanda ukasukuma kile kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Mapafu hayatanuki vizuri upande wa chini. Na wakati huohuo mama anahitaji oksijeni zaidi, kama asilimia 20 juu ya kawaida yake. Kwa hiyo hata mjamzito mzima wa afya ana akiba ndogo ya pumzi, ndiyo maana akipanda ngazi za ghorofa mbili anahema. Ukimletea ugonjwa unaoziba mapafu, hiyo akiba yaisha upesi. Baba yako ana mapafu ya uzee lakini hana anayemgawia. Wifi yako alikuwa akigawa.

Kuna na kinga. Mwili wa mama hulegeza baadhi ya kinga zake na kukaza nyingine ili usimkatae mtoto, maana nusu ya yule mtoto ametoka kwa baba. Kwa virusi vya njia ya pumzi hilo humponza. Hata homa ya mafua ya mwaka 2009 iliwapiga wajawazito vibaya, si korona peke yake. Na damu nayo: mimba huifanya igande upesi, maumbile ya kumkinga mama asivuje siku ya kuzaa. Korona nayo yagandisha damu. Zikikutana, mapafu na kondo la nyuma vyote vyaweza kuingia mabonge ya damu.

#4 DerevaTuktuk
Haya ndiyo niliyoyangojea. Shukran nesi.

#5 MzeeMakupa
Nesi ameeleza vizuri, lakini anazungumza kana kwamba wagonjwa walifika hospitali mapema. Hawakufika. Mimi niliyaona. Machi 2020 siku ya kwanza ya kafyu watu walipigwa virungu na gesi ya machozi pale feri Likoni, wanakimbilia kuvuka kabla ya saa 1 jioni. Baada ya siku ile nani angemtoa mkewe usiku? Aprili wakaufunga Mji wa Kale. Na mtu akikohoa, hofu yake si korona, hofu ni karantini, na karantini mwanzo watu walilipishwa wenyewe. Mjamzito anakaa nyumbani anakunywa tangawizi mpaka midomo yabadilika rangi ndipo anatolewa. Hapo utasema mapafu yamebanwa? Alicheleweshwa.

#6 MwanaMjiWaKale
Shikamoo Mzee Makupa. Sahihisho moja. Iliyofungwa Aprili 2020, tarehe 8, ni kaunti nzima ya Mombasa, hakuna kuingia wala kutoka. Sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa Mei 6, siku moja na Eastleigh ya Nairobi, na ilikuwa ndani ya Ramadhani, siwezi kuisahau. Halafu kisa cha Binti ni cha 2021. Wakati ule kafyu Mombasa ilianza saa 4 usiku, si saa 1.

Lakini kuhusu hofu nakuunga mkono. Ndani ya ule mwezi wa kufungiwa, dada yangu alishikwa na uchungu usiku wa manane. Vizuizi vilikuwa kila upande. Alizalia nyumbani, bibi mmoja wa mtaani ndiye aliyempokea mtoto. Mungu alitusitiri, lakini hakuwa na korona, na angeweza kufa vilevile.

#7 MzeeMakupa
Marahaba mwanangu. Mei, sawa. Na umeona? Hakuwa na korona na bado roho yake ilikuwa mkononi. Ndiyo hoja yangu.

#8 TausiNyali
Nairobi daktari mmoja wa uzazi, Jemimah Kariuki, alianzisha usafiri wa bure wa usiku kwa wajawazito wakati wa kafyu, ukiitwa Wheels for Life. Nilipousikia nilijiuliza mbona sisi huku tumeachiwa majirani wenye magari.

#9 UmmuHarith
Mimi kisa changu ni kinyume cha wote. Nilikwenda kuzaa mimba imetimia, wakanipima pua kabla ya kuingia leba, wakaniambia ninayo. Sina homa, sina kikohozi, nilikuwa nimekula wali wa nazi saa moja kabla. Nilizaa salama, mtoto alipimwa akatoka hana. Kilichoniumiza ni vile watu walinikwepa wadini mpaka chai nikawekewa mlangoni.

Kwa hiyo Binti usimtie wifi yako hofu. Si kila mjamzito huzidiwa.

#10 Pwani_Asilia
Ummu Harith una bahati. Mimi nasikia virusi vinapita kwenye maziwa, ndiyo sababu watoto walitengwa na mama zao.

#11 NesiChangamwe
Hapana Pwani_Asilia, hili naomba lisienee tena. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2020 mama mwenye korona amnyonyeshe mwanawe, avae barakoa, anawe mikono. Maziwa yana askari wa kinga ambao ni faida kwa mtoto. Kutengwa kulifanyika sehemu nyingi kwa woga, na watoto waliokosa maziwa ya mama ndio walioingia hatarini, hasa waliozaliwa wadogo.

Mtoto kuambukizwa tumboni hutokea, lakini ni nadra. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2022 kwenye jarida la BMJ, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikuta watoto wa akina mama wenye korona waliopimwa wakakutwa nayo ni asilimia 1.8. Na baadhi yao walipata baada ya kuzaliwa, si tumboni.

Ummu Harith uliyoyasema yalionekana kwingine pia. New York, Machi na Aprili 2020, hospitali mbili ziliwapima wanawake 215 waliokwenda kuzaa. 33 walikuwa nayo, na 29 kati yao hawakuwa na dalili yoyote.

#12 Msomi_Tudor
Tuweke takwimu mezani, tusibishane kwa visa tu. Utafiti wa INTERCOVID, uliotoka Aprili 2021, ulifuatilia wajawazito 2,130 katika nchi 18. Walinganishwa mjamzito mwenye korona na mjamzito asiye nayo, si mjamzito na baba yake Binti. Kati ya 706 waliokuwa nayo walifariki 11. Kati ya 1,424 wasiokuwa nayo alifariki mmoja. Kulazwa ICU, wadi ya mahututi, kulikuwa mara tano zaidi. Kuzaa kabla ya wakati kuliongezeka, na kifafa cha mimba na presha yake vikaongezeka.

#13 Pwani_Asilia
Hizo ni za wenzetu walio na baridi na uzee. Huku jua letu kali, vijana wengi. Leteni za Afrika.

#14 Msomi_Tudor
Zipo. Hospitali za nchi 6, Kenya ikiwemo, pamoja na Uganda, Kongo, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini, zilikusanya taarifa za wanawake 1,315 waliolazwa kati ya Machi 2020 na Machi 2021. Mwenye korona aliye na mimba alikuwa na hatari maradufu ya kufia hospitalini kuliko mwanamke mwenye korona asiye na mimba. Maradufu, ndugu yangu, huku huku kwenye jua.

Na kuhusu ugonjwa kutofika kwetu: wajawazito waliopimwa damu kliniki Hospitali ya Kenyatta mwaka 2020, karibu nusu walikutwa washaambukizwa. Wengi bila kujua.

#15 Pwani_Asilia
Ya nchi sita sikuwa nimeyasikia. Bado nasema wengi hawakuumwa.

#16 Msomi_Tudor
Hilo la mwisho hakuna aliyelipinga.

#17 MzeeMakupa
Msomi, na hao 1,315 walifika hospitali wakiwa na hali gani, baada ya kukaa nyumbani muda gani? Kama mjamzito ndiye anayechelewa zaidi, kwa sababu ana watoto wadogo, hana nauli, anangoja mume arudi bandarini, basi hiyo maradufu ni ya kuchelewa.

#18 Msomi_Tudor
Swali zuri Mzee. Takwimu hazitenganishi hayo vizuri.

#19 BintiKisauni
Asanteni nyote, naendelea kusoma. Nimekwenda kumwuliza wifi mwenyewe, akanikumbusha jambo. Anasema walipompima presha ilikuwa juu sana, miguu imevimba, anaona vimulimuli. Ndipo daktari akasema mtoto atolewe, akapasuliwa usiku uleule. Sisi tulidhani ni korona iliyomtoa mtoto. Sasa presha ililetwa na korona, au alikuwa nayo kabla?

#20 DaktariMtarajiwa
Niko mwaka wa tano wa udaktari, nitasema ninapojua. Hili ulilolitaja ndilo watu wengi hawalioni. Watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati wakati wa korona hawakuja wenyewe. Madaktari waliamua kuwatoa, ama mama anakosa pumzi na tumbo likipungua mapafu yatapata nafasi, ama presha inaelekea kwenye kifafa. Katika ule utafiti wa INTERCOVID alioutaja Msomi, ongezeko kubwa lilikuwa la hawa wa kutolewa kwa uamuzi wa daktari.

Kuhusu presha na korona nani alitangulia, wanazuoni wana maoni zaidi ya moja. Virusi hivi huingia kwenye seli kupitia mlango uitwao ACE2, na mlango huo unahusika na kusawazisha presha, na kwenye kondo la nyuma upo. Kwa hiyo yawezekana korona inavuruga kondo na presha inapanda. Wengine wanasema mama mwenye mwelekeo wa presha ndiye korona inayemlaza, kwa hiyo presha ilikuwa njiani tangu mwanzo. Na wengine wanasema korona kali yenyewe huharibu ini na figo na kuleta vipimo vinavyofanana na vya kifafa cha mimba, halafu mama akipona mapafu vinarudi sawa. Kitabu chake cha kliniki cha ile mimba kipo? Angalia presha aliyoandikiwa miezi ya nyuma.

#21 BintiKisauni
Kipo. Mwezi wa tatu na wa tano wa mimba presha ni ya kawaida. Mwezi wa sita hakwenda kliniki. Alikuwa anaogopa foleni.

#22 MzeeMakupa
"Hakwenda kliniki. Alikuwa anaogopa foleni." Wanajamvi, someni hapo tena.

#23 TausiNyali
Mzee leo hulali mpaka ushinde. Tunakupenda hivyohivyo.

#24 MamaMtongwe
Nimesoma kuanzia juu kimya kimya. Mimi ni wa Agosti 2021. Niliumwa kidogo sana, mafua na mwili kuchoka, sikukosa pumzi hata siku moja. Nikapona. Baada ya hapo nikahisi mtoto hachezi kama kawaida. Nikaambiwa na watu mtoto akikua nafasi humpungukia, hivyo hutulia. Nilipokwenda mapigo hayakusikika. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Mapafu yangu hayakubanwa, presha yangu ilikuwa nzuri, hospitali sikucheleweshwa na kafyu. Kwa hiyo maelezo yote ya humu hayanifikii. Nami nauliza kama Binti: ni nini?

#25 UmmuHarith
Mama Mtongwe, Allah akupe subira na amfanye mwanao akiba yako. Nimeumia.

#26 DerevaTuktuk
Pole sana mama. Pole.

#27 NesiChangamwe
Mama Mtongwe pole dada yangu. Nitakujibu kwa sababu una haki ya kujua, na kwa sababu kuna mwingine anasoma hapa.

Kuna jambo lililogunduliwa kwa kuyapasua makondo ya nyuma ya watoto waliofia tumboni na kuyaangalia kwa hadubini. Kwa baadhi ya akina mama, virusi vilifika kwenye kondo vikalitia uvimbe na utando mgumu, sehemu kubwa ya kondo ikafa. Mtoto mwenyewe mara nyingi hakuwa na virusi, ila njia yake ya chakula na hewa ilikatika. Na mama angeweza kuwa na mafua madogo tu, kama wewe. Lilionekana zaidi wakati wa ile aina ya virusi iitwayo Delta, na Delta ndiyo iliyokuwepo Agosti 2021. Marekani waliangalia uzazi zaidi ya milioni 1.2: mtoto kufia tumboni kulikuwa karibu mara mbili kwa akina mama wenye korona, na wakati wa Delta kukafika mara nne. Bado ni wachache, wengi wa watoto walizaliwa hai. Lakini siwezi kukwambia ndilo lililokupata wewe, kwa sababu bila kulipima kondo lako hakuna awezaye kujua.

Na lile la mtoto hutulia akikua, si kweli. Mtoto hucheza mpaka siku ya kuzaliwa. Akipunguza kucheza nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ukirudishwa.

#28 MamaMtongwe
Kondo hawakulipima. Asante kwa kunijibu, ni mara ya kwanza mtu ananieleza.

#29 KijanaWaKongowea
Naleta jingine. Pwani yetu kila homa ni malaria. Mama mkwe wangu ni muuza dawa, anasema mwaka ule wajawazito walikuja dukani na homa, wananunua dawa ya malaria bila kupima, wanarudi kulala. Malaria nayo hukaa kwenye kondo na kumdhoofisha mtoto, na huleta upungufu wa damu. Mama mwenye damu kidogo akipata korona, hiyo oksijeni hata ikiingia mapafuni itabebwa na nini? Pengine ni viwili kwa pamoja.

#30 DaktariMtarajiwa
Kijana hoja ya damu ina uzito. Wanawake wengi huku wanaanza mimba damu iko chini tayari, na kuna wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ongeza kwenye orodha yenu.

#31 Pwani_Asilia
Wangejifukiza mwarubaini na kunywa maji yake asubuhi, hayo yote yasingefika.

#32 NesiChangamwe
Kujifukiza kwa kiasi kutafungua pua tu. Kunywa mwarubaini ukiwa na mimba, hapana kabisa. Mimba yaweza kutoka.

#33 Msimamizi
Posti mbili za kuuza dawa za miti shamba zimeondolewa. Endeleeni.

#34 KijanaWaKongowea
Kando kidogo ya mada, ule mkusanyiko wa feri asubuhi hata leo ukikohoa mmoja wanakohoa mia.

#35 DerevaTuktuk
Ndiyo maana abiria wangu wajawazito huwaketisha peke yao nyuma, hata nikikosa pesa ya wawili.

#36 TausiNyali
Dereva utapata wateja leo.

#37 Msomi_Tudor
Hakuna aliyegusa chanjo. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021, na wajawazito miezi ya mwanzo wengi waliambiwa wangoje kwa sababu majaribio ya kwanza hayakuwaingiza. Katika kungoja huko Delta ikafika. Baadaye ikaonekana chanjo ni salama kwao na askari wa kinga wanavuka kondo wakamfikia mtoto. Marekani 2022 watoto wa chini ya miezi 6 ambao mama zao walichanjwa dozi mbili wakiwa na mimba walilazwa kwa korona kwa asilimia 61 chini ya wengine. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya yaliyotokea 2021: waliachwa nyuma.

#38 UmmuHarith
Na sisi tuliambiwa mtaani chanjo inaziba kizazi. Mimi nilichanjwa baadaye, na nina mtoto wa pili.

#39 BintiKisauni
Kila mmoja ana sababu yake na kila sababu naona inagusa nyumba yetu. Sasa wifi afanye nini hivi leo? Na hii miezi minne akiambukizwa, mimba itatoka?

#40 NesiChangamwe
Mimba changa: tafiti hazikuonyesha wazi kwamba korona inaongeza kutoka kwa mimba za miezi ya mwanzo. Homa kali yenyewe si nzuri, kwa hiyo aishushe kwa paracetamol. Asitumie ibuprofen, hasa mimba ikipita wiki 20.

Hali ya leo si ya 2021. Virusi vilivyopo ni vya ukoo wa Omicron, aina iliyokuja baada ya Delta, na karibu kila mtu ana kinga ya kuugua au ya kuchanjwa. Kwa kuwa alishapata presha, kliniki asikose hata moja, na aseme siku ya kwanza kwamba ile mimba alipasuliwa kwa presha. Kuna wanaopewa aspirini ndogo kila siku kuizuia, lakini huanzishwa kabla ya wiki 16 ikiwezekana, kwa hiyo yuko mwishoni mwa muda. Aulize wiki hii. Akipata homa apimwe malaria na korona, asinunue dawa dukani. Alale ubavu. Mkipata kile kipimo cha kidoleni, oksijeni ikiwa chini ya 95 ni safari ya hospitali, na kifua kubana, kichwa kuuma sana, vimulimuli, au mtoto kutulia vilevile.

#41 TausiNyali
Na muangalie malipo mapema. Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kuzaa bure, imeondoka, sasa ni Linda Jamii chini ya SHA, bima ya afya ya serikali, lazima awe amesajiliwa. Msingoje siku ya uchungu.

#42 MwanaMjiWaKale
Nesi, moja halijajibiwa. Ummu Harith hakuhisi kitu na wifi yake Binti akafikishwa kwenye oksijeni. Wote na mimba kubwa, mji mmoja. Kama ni mapafu kubanwa, wote walibanwa.

#43 DaktariMtarajiwa
Yaliyoonekana tena na tena ni umri wa 35 kwenda juu, unene, kisukari, na presha ya kabla au ya mimba. Na aina ya virusi, kama Ummu Harith alikuwa wa 2020 hakukutana na Delta. Wifi ana miaka 27, umri tuuondoe. Binti, alipimwa sukari mimba ile?

#44 BintiKisauni
Nimefungua kitabu. Sehemu ya sukari iko tupu. Ana kliniki Jumatano, nitakwenda naye.

#45 MzeeMakupa
Nendeni asubuhi mapema. Na kama hakuna gari, DerevaTuktuk anasikia.

#46 DerevaTuktuk
Nasikia. Binti nitumie ujumbe wa faragha, saa 12 na nusu niko Kisauni.